Kwenda Dagoretti kwa Mgongo

Walimu wenzangu, mmeniuliza mmoja mmoja na kwa makundi ilikuwaje nikatoka hospitalini nikiwa hai na nikafika kwetu Dagoretti nikiwa nimeshaombolezwa njiani. Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama, maana kusimama kwenyewe bado ni kazi. Kwa hivyo nimeandika. Atakayesoma amsomee na mwenzake.

Sababu ya kulazwa mnaijua, mlikuwepo. Gari la mwalimu mkuu lilizama shimoni nje ya lango la shule, tukaitwa kusukuma, na mimi kwa sababu ya urefu wangu nikapewa upande wa shimo. Gari lilitoka, mgongo wangu ukabaki. Daktari alisema kitu fulani kati ya pingili mbili za uti kimehama mahali pake na kinauegemea mshipa wa mguu. Niliingia hospitali kwa shimo moja, na njia ya kurudi nyumbani ilipitia mengine yote.

Kutoka hospitalini hadi Uhuru Highway

Siku ya kuruhusiwa, daktari alitupa masharti. Nilale chali. Nisikunjwe. Nisitikiswe. Na kila mara nichezeshe vidole vya miguu. Siku vikikataa, nirudishwe mbio, maana huenda nisitembee tena.

"Asitikiswe na nini?" Mama Njeri, mke wangu, aliuliza.

"Na chochote."

"Sisi tunakaa Dagoretti, daktari."

Daktari akachukua tena kalamu, akatuongezea dawa za maumivu.

Aliyekuja kunichukua ni Mutua, mume wa dada yangu, mtu wa Machakos, ambaye riziki yake ni kuleta mchanga Nairobi kwa lori. Alikuja na stesheni wagon ya jirani yake. Walilaza viti vya nyuma, wakatandika godoro, wakanisukuma ndani taratibu kama mkate unaoingizwa tanurini. Godoro liliniishia magotini na gari likaniishia kwenye vifundo. Miguu yangu ikabaki nje, na mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba ukiwa umeinuka. Mama Njeri aliketi nyuma ya kiti cha dereva, juu ya bati tupu la sakafu, akanipakata kichwa na mabega. Kwa sababu ya vumbi akaifunika miguu yangu kwa shuka jeupe. Mutua naye akawasha taa za tahadhari, ili watu wajue anaenda polepole. Hakuna kati yetu aliyefikiria jambo hilo lilivyoonekana kwa mtu aliyekuwa nje.

Ninyi mmezoea kuiona barabara kabla hamjaifikia. Mimi, kichwa kikiwa kimeinuliwa na macho yakitazama nyuma, niliiona baada ya kuipita. Kwanza mgongo unapata habari, halafu macho yanaletewa ushahidi.

Mtaa wa hospitali ulikuwa viraka vitupu. Kiraka kilishonwa juu ya kiraka hadi ukiitafuta barabara yenyewe huioni. Lakini Uhuru Highway, nilijiambia, ni barabara ya wakubwa. Hapo nitapumua.

Kumbe hapo ndipo wakubwa wa kweli hupita, yaani malori. Mzigo wote unaotoka Mombasa kwenda Uganda hupita katikati ya jiji letu, gurudumu nyuma ya gurudumu, kwenye mstari uleule, jua linapochoma na lami inapolegea. Lami ile imedidimia palipo na magurudumu na kuinuka kati yake, ikawa mifereji miwili. Gari dogo likiingia humo haliendeshwi tena, linafuata tu kama garimoshi. Na kwenye raundabauti, malori yanapokanyaga breki, lami imesukumwa mbele ikajikunja mawimbi mawimbi, kama ugali uliokandamizwa na mwiko. Gari letu lilipanda na kushuka, nami nikapanda na kushuka nalo, nikihesabiwa pingili zangu moja baada ya nyingine.

"Unaona hii?" Mutua alisema kwa uchungu. "Hii ni malori imefanya."

"Malori kama lako?" Mama Njeri akauliza.

"Yangu ni ya mchanga. Mimi nasema haya ya kontena."

"Mchanga si mzito?"

"Mchanga ni ya kujenga nchi."

"Na mizani? Kwani hampimwi huko barabarani?"

"Tunapimwa, dada. Lakini lori ikibeba nusu, hiyo nusu ingine itabebwa na nani?"

Wakati huo nilikuwa nikimtazama mtu aliyekuwa nyuma yetu, bwana mwenye tai katika gari la kijivu. Aliiangalia miguu yangu chini ya shuka, akaangalia taa zetu zikipepesa, akavua miwani. Kisha akawasha taa zake za mbele. Aliyemfuata naye akawasha. Haukupita muda tukawa na mkia wa magari yenye taa mchana peupe, yakitufuata kwa mwendo wa heshima. Askari wa trafiki pale raundabauti aliwasimamisha wote waliokuwa na haki ya kupita, akatupisha, na tulipomkaribia akapiga saluti.

Nimeishi Nairobi maisha yangu yote na hiyo ndiyo mara ya kwanza kupishwa.

"Mutua," nikasema, "hawa wanadhani nimekufa."

"Nyamaza, shemeji. Wakijua uko hai watatufungia njia."

Nikanyamaza. Lakini daktari aliamuru vidole vichezeshwe, na wakati wake ulikuwa umefika. Shuka likatikisika. Bwana wa gari la kijivu akakanyaga breki ghafla, waliomfuata wakapishana huku na huku, honi zikalia, na msafara wangu ukavunjika hapohapo karibu na makumbusho. Kila mtu akarudi kwenye tabia yake.

Westlands, tulipokwama

Tulipofika Westlands, magari yote yalikuwa yamezima injini. Habari zilitujia kwa mdomo, kutoka dereva hadi dereva: lori limevunjika ekseli huko mbele Kangemi na kulala katikati ya njia. Kila aliyeleta habari aliongeza uzito wa mzigo. Wa mwisho alisema lilikuwa limebeba chuma cha daraja zima.

Jua lilikuwa kali. Mama mmoja aliyeuza mahindi choma kando ya barabara alituona, akaja na hindi moja kwenye ganda, akampa Mama Njeri dirishani.

"Kula, mama. Huzuni na njaa ni vitu viwili tofauti, usibebe zote."

"Asante, lakini si..." Mama Njeri alianza.

"Usiseme kitu. Hata mimi nilizika mwaka jana. Huyu alikuwa nani yako?"

"Mume wangu."

"Mungu atakupa nguvu. Na alikuwa mrefu, jameni."

Harufu ya hindi lile ilikuwa imenifikia. Chakula cha hospitali mnakijua. "Tafadhali," nikasema kutoka mapajani, "nipakie pilipili na ndimu kidogo."

Yule mama hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akashika jiko lake, akalitaja jina la Yesu kwa sauti ya chini. Baada ya kitambo akarudi, akanitazama vizuri usoni, akapaka pilipili na ndimu, na akakataa kunikaribia zaidi ya urefu wa mkono. Mama Njeri alinilisha punje moja moja. Ziliponikwama kooni alinipangusa kidevu na kuniambia nisicheke, maana kicheko nacho ni mtikisiko.

Lori la Kangemi halikuonyesha dalili ya kuondoka. Mutua akageuza gari. "Tutapita kwa matajiri," akasema.

Spring Valley

Walimu, niwaambie ukweli: kuna barabara nzuri Nairobi. Iko Spring Valley, chini ya miti, nyuma ya ua. Gari lilipoingia humo kelele za bati zilikoma, nikasikia ndege. Mgongo wangu ulilala kama mtoto aliyenyonya. Nikaanza kusinzia, na hapo tukagonga tuta. Halafu tuta jingine, na jingine. Kwetu, mahali pa mashimo, hakuna mtu anayejenga tuta. Hapa, mahali barabara imenyooka, wenyewe wameijaza matuta ili mtu asije akaifurahia kupita kiasi.

Mbele palikuwa na kizuizi cha chuma na askari wa kampuni, mtu mzima mwenye koti kubwa kuliko yeye. Alizunguka gari, akafika nyuma, akavua kofia, kisha akairudisha.

"Poleni kwa msiba," akasema. "Lakini gari ya maiti haipiti hapa. Wenyeji hawapendi."

"Si maiti," Mutua akasema.

"Bosi, mimi naona miguu."

"Habari ya kazi, mzee," nikasema mimi.

Askari aliinama kuchungulia ndani. "Salama," akajibu hatimaye, kwa adabu ya mtu asiyejua anamjibu nani. Kisha akamgeukia Mutua. "Sasa hii tutaandika nini?"

"Andika mgonjwa."

"Mgonjwa wa nyumba gani?"

Ikabidi tueleze yote tangu gari la mwalimu mkuu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akatuletea chai ya maziwa kutoka kibandani mwake. Mama Njeri alininywesha kwa mrija wa kalamu iliyoisha wino. Mutua alikuwa ameshuka na kuikanyagakanyaga lami kwa kiatu, akiichunguza kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hii mliifanyaje ikakaa hivi?" aliuliza.

"Hakuna lori inapita," askari akasema. "Lori ya mchanga ikifika tunairudisha. Hata wewe sura yako ni kama nimewahi kukurudisha."

"Na hizi nyumba zilijengwa na mchanga gani?"

"Wanamwaga kule nje kwa barabara ya watu. Halafu unaingia na mkokoteni."

Mutua alitazama zile nyumba za ghorofa na vigae vyake, akatazama kizuizi. Nilidhani atakasirika. Akasema tu, "Hao wamesoma," akaingia garini.

Uthiru

Tulitokea Kabete na kuanza kuteremka kwenda Uthiru, na barabara ikarudi kuwa yetu. Kwanza zikaja nyufa ndogondogo kama magaga ya kisigino. Hizo haziumizi, zinatetemesha meno tu. Lakini maji ya mvua huingia humo, na kila gurudumu likipita juu huyakamua, yanatoka na udongo wa chini. Juu panaonekana pazima na ndani pameshakuwa pango. Siku moja linapita gari zito kidogo kuliko la jana, na pango linafunguka. Nayajua haya kwa sababu niliona kwa macho gari la maziwa lililokuwa nyuma yetu likilifungua moja.

La kwetu lilikuwa limeshafunguka, limejaa maji, halina dalili. Mutua alilidhania dimbwi. Gurudumu la nyuma liliingia lote, gari likapiga chini, na mimi nikasikia kitu kama kamba inayokatika kiunoni.

Hakukuwa na maumivu. Hilo ndilo lililonitisha.

"Chezesha vidole," Mama Njeri akasema.

Nikachezesha. Shuka lilitikisika upande wa kulia. Upande wa kushoto lilitulia.

"Chezesha vyote."

"Nachezesha."

Mutua alisimamisha gari, akaja nyuma, akafunua shuka na kunifinya kidole gumba cha kushoto. Niliona mkono wake ukifinya. Sikuhisi chochote. Kurudi mjini ilikuwa kupita tena yote tuliyoyapita. Kwenda mbele hatukujua kuna nini. Mama Njeri alinishika kichwa kwa mikono miwili. Nilimfikiria Njeri wetu, nikafikiria ngazi za shule, nikafikiria ubao na jinsi unavyohitaji mtu wa kusimama.

Hapo akatokea mtu mnene mwenye suti na kofia, akitembea kandokando ya barabara. Nyuma yake gari kubwa jeusi lilikuwa limeinama upande mmoja na gurudumu limetazama mbinguni. Alikuwa diwani wa upande wetu. Sitamtaja jina, nyote mmewahi kuwapigia makofi watu wa namna yake. Alivua kofia, akaiweka kifuani.

"Poleni sana, familia. Mazishi ni lini? Nitakuja kusema machache."

"Hajafa," Mama Njeri akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Bado."

Diwani aliangalia mguu wangu uliofunuliwa, na Mutua akiwa bado ameushika. Akaelezwa. Mimi nilitegemea hotuba. Alisema ya kwanza tu, kwa mazoea: "Barabara zetu hazina shida. Shida ni magari yanayopita." Kisha akageuka kulitazama gari lake lililoinama.

"Mimi pia naenda Dagoretti," akasema. "Wananchi wananingoja. Lakini kwa hii sehemu, dereva, wewe nifuate."

Akakunja suruali yake, akatangulia mbele ya gari kwa miguu. Palipokuwa na dimbwi aliingia na viatu vyake vinavyong'aa kupima kina, akainua mkono wa kulia au wa kushoto, na Mutua akamfuata kama ng'ombe anavyomfuata mchungaji. Mara nyingi alituelekeza nje ya barabara kabisa, kwenye udongo, maana kingo za lami zilikuwa zimekatikakatika na udongo ulikuwa afadhali. Magari yaliyotoka upande wa pili yalisimama yenyewe: mtu mkubwa mwenye suti anatembea mbele, gari linapepesa taa, miguu imefunikwa shuka jeupe. Msiba wa heshima hasa. Mwendesha baiskeli alishuka na kuinamisha kichwa.

Tulipokaribia njia ya Dagoretti ndipo nilipohisi kitu kama sisimizi mguuni, kisha moto, kisha maumivu ambayo siku nyingine ningeyalaani. Shuka likatikisika kushoto. Mama Njeri aliona kabla sijamwambia. Alivuta pumzi ndefu, na tumbo lake likanisukuma kichwa.

Dagoretti

Diwani aliingia kiti cha mbele, akaikunjua suruali aliyoikunja, akapangusa viatu kwa karatasi, na kufikia kona ya pili alikuwa ameshakuwa diwani tena.

Alikuwa anangojwa kufungua barabara. Kipande kifupi cha lami mpya kilikuwa kimewekwa kuingia sokoni, karibu na machinjio, kikiwa na utepe mwekundu, hema, na spika zilizokuwa zikikoroma. Umati ulipomwona akishuka kutoka gari lenye miguu, spika zilizimwa. Akina mama wa kanisa, waliokuwa wamekuja kumwimbia wimbo wa makaribisho, walishauriana kidogo wakaanza wimbo wa mazishi. Waliuimba vizuri. Mimi mwenyewe nilihuzunika.

Diwani aliinua mkono, akashika kipaza sauti.

"Huyu ni mwalimu wetu," akasema. "Barabara mbovu imemvunja mgongo. Nimeenda mwenyewe kumtoa hospitali. Leo nimemleta awe wa kwanza kupita kwa barabara ya kisasa."

Makofi yakalipuka. Mutua akasema polepole, "Petroli ni yangu lakini."

Kipaza sauti kiliingizwa nyuma, juu ya miguu yangu, hadi kikanifikia mdomoni. "Mwalimu, waambie wananchi unasikiaje."

Nilikuwa na mengi. Lakini mguu ulikuwa unawaka. "Naomba kupita," nikasema.

Walipiga makofi zaidi kuliko ya diwani. Utepe ukakatwa, tukapita. Na lazima niwe mkweli, ilikuwa laini. Ilinukia upya, na magurudumu yalitoa sauti ya kitambaa kinachochanwa polepole. Umati wote ulituangalia sisi tukienda mbele. Mimi peke yangu nilikuwa nikitazama nyuma, na nyuma yetu, bila kungoja hotuba iishe, liliingia lori la ng'ombe wa machinjioni, limejaa hadi pembe zinachungulia nje. Lami ilikuwa bado haijapoa. Lori lilipita taratibu, na kila lilipopita likaacha mifereji miwili mizuri, iliyonyooka, kama iliyopigwa rula. Diwani alikuwa bado anawapungia watu mkono.

Nyumbani

Vijana wa kwetu walinibeba juu ya mlango uliong'olewa bandani na kunilaza kitandani. Nyumba ikajaa. Majirani waliosikia nimekufa walikuja kulia, wakakuta ninaongea, wakakaa kusikiliza. Nami nikaanza: mawimbi ya raundabauti, saluti, mahindi, shimo la Uthiru, mguu uliokataa. Nilipofika mahali pa kamba kukatika kiunoni, watu walishika vichwa. Nikarudia mahali hapo.

Mama yangu aliingia na bakuli la uji wa moto. Aliangalia watu wote, mmoja baada ya mwingine. "Mama Njeri yuko wapi?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Mutua akatoka kwenda kutazama garini, nasi tukamsikia akisema, "Dada, kwani hushuki?" Kisha akaita vijana.

Walimleta wamemshika mabega huku na huku, miguu ikiburuta. Tangu mjini alikuwa ameketi juu ya bati. Alikuwa akigeuza shingo kutazama mbele, na kila shimo lilipokuja alinyanyua mabega yangu kwa mapaja yake, akalipokea yeye. Mimi nilipigwa mara moja tu, pale Uthiru, kwa kuwa maji yalilificha shimo na hakuliona likija. Yaliyobaki yote, niliyokuwa nikiyasimulia, hayakuwa yangu. Walipompandisha sketi kidogo magotini, akina mama wakatuamuru wanaume tugeuke, na mimi nisiyeweza kugeuka nikafumba macho. Lakini nilikuwa nimeshaona. Miguu ilikuwa imevilia damu tangu gotini kwenda juu.

"Ni ganzi tu," alikuwa akisema. "Itaisha. Mwangalieni yeye."

Walimlaza kando yangu, kwa kuwa hapakuwa na kitanda kingine. Nilisikia hatua za mama zikikaribia, nikasikia harufu ya uji, nikafumbua macho na kunyoosha mkono kulipokea bakuli. Mama aliupita mkono wangu bila kuutazama, akazunguka kitanda, akaketi upande wa pili, na kuanza kupuliza kijiko.